Kesi ya kundi ikilala kabla ya idhini

Juzi wakili mwenzangu aliniuliza: tumekaa miezi mingi bila kuiomba mahakama iidhinishe shauri letu kuwa kesi ya kundi, yaani mmoja ashtaki kwa niaba ya wengi, je, jaji atatukasirikia? Nikamjibu kwamba hasira ya jaji hupoa. Madhara yako kwingine.

Kabla ya idhini, kesi ni ya yule mmoja au wawili walioandikwa kwenye hati ya madai. Maelfu wanaosemekana kuwa nyuma yao hawajapewa taarifa, na wengi hawajui kama kuna kesi. Anayechelewesha anachezea muda wa watu ambao hawapo mahakamani kulalamika.

Kanuni ya 23 ya mahakama za shirikisho za Marekani haitaji idadi ya siku. Inataka uamuzi wa idhini utolewe mapema kadiri inavyowezekana, na marekebisho ya 2003 yalilegeza kidogo maneno yake ili pande zote zipate nafasi ya kukusanya ushahidi unaohusu kundi. Wapo waliousoma ulegevu huo kama ruhusa ya kulala. Hao ningewapa uamuzi wa Rodriguez wa 1977. Madereva waliodai kubaguliwa na kampuni ya malori ya Texas hawakuomba idhini kabla ya kesi kusikilizwa. Mahakama ya rufaa ikaliidhinisha kundi vivyo hivyo, Mahakama ya Juu ikatengua. Miongoni mwa sababu zake: mtu asiyejishughulisha kuwaombea wenzake idhini anatia shaka kama anafaa kuwawakilisha. Hakuna siku ya mwisho iliyopitwa, ila uzembe wenyewe uligeuka ushahidi dhidi ya mwakilishi.

Halafu kuna ukomo wa muda wa kudai, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Tangu uamuzi wa American Pipe wa 1974, kufungua kesi ya kundi husimamisha saa ya ukomo kwa wanakundi wote. Jimbo la Utah lilifungua kesi ile zikiwa zimebaki siku 11 tu. Idhini ilipokataliwa, saa ikaendelea pale ilipoishia. Basi watu husema, tusubiri, hakuna kinachopotea. Kinapotea. Katika kesi ya China Agritech, mwaka 2018, Mahakama ya Juu ilisema kinga hiyo humsaidia mtu anayekuja na dai lake binafsi, si anayekuja kufungua kesi nyingine ya kundi muda ukiwa umekwisha. Kwa hiyo idhini ikikataliwa baada ya miaka ya kuvutana, mwenye dai dogo anabaki na haki ya kushtaki peke yake, kwa kiasi ambacho hakuna wakili atakayekigusa. Mwaka mmoja kabla, katika kesi ya CalPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa California, iliamuliwa pia kwamba kikomo cha miaka 3 kilichomo kwenye sheria ya 1933 ya hisa na hatifungani hakisimamishwi kabisa na kesi ya kundi. Unaweza kuwa unasubiri idhini huku dai lako limeshakufa.

Ontario, Canada, wamechukua njia ya shoka. Kwa kesi zilizofunguliwa tangu Oktoba 2020, mwaka mmoja ukipita bila jalada kamili la maombi ya idhini kuwasilishwa, wala ratiba iliyokubaliwa kwa maandishi na kuwasilishwa mahakamani, au iliyopangwa na mahakama yenyewe, mdaiwa akiomba, kesi hufutwa. Mwaka 2022 jaji mmoja huko alifuta kesi kwa kifungu hicho, akisema sheria haikumwachia uchaguzi. Mimi sikipendi sana, kwani wakili ndiye aliyelala na wanakundi ndio wanaoamshwa kwa kofi. Lakini kimewafanya mawakili waangalie kalenda.

Nilimuuliza yule mwenzangu kwa nini amechelewa. Akasema mdaiwa amekataa kutoa orodha ya wateja. Sababu nzuri hiyo, mahakama huielewa. Aliidai vipi? Kwa simu. Nikamwambia aandike barua siku hiyohiyo, ataje kila tarehe ya simu anayoikumbuka, kisha aombe amri ya kutolewa orodha na aiambatishe barua hiyo.