Kubana kurasa za kumbukumbu kwenye draiva za Linux: dhana potofu na ukweli

Marekebisho mengi ya draiva za Linux, yaani programu zinazoendesha vifaa, huonekana mepesi: mstari mmoja umefutwa, mwingine umeandikwa mahali pake. Kwenye msimbo unaotenga kumbukumbu, au unaobana kurasa za programu (vipande vya kumbukumbu yake, vizuiwe kuhama) ili kifaa kizisome na kuziandika moja kwa moja, wepesi huo unadanganya. Jina la funksheni ni jambo dogo. Kazi yenyewe ni kupanga upya nani anaachilia nini, wapi na lini.

Dhana: `pin_user_pages` ni `get_user_pages` iliyopewa jina jipya.

Hapana, zinahesabu tofauti. Familia ya `pin_user_pages` iliingia kwenye Linux 5.6 mwaka 2020, katika kazi iliyoongozwa na John Hubbard wa NVIDIA. Kabla ya hapo kerneli, kiini cha mfumo, haikuweza kutofautisha ukurasa ulioshikwa kwa sababu nyingine yoyote na ule ambao kifaa kinaandika ndani yake. Mfumo wa faili ungeweza kuanza kupeleka ukurasa kwenye diski huku kifaa kikiendelea kuubadilisha.

Kwa ukurasa wa kawaida, `get_user_pages` huongeza 1 kwenye hesabu ya marejeo (idadi ya wanaoushikilia), na `pin_user_pages` huongeza 1024. Sasa bana kwa njia mpya, kisha uachilie kwa `put_page` ya zamani: inapungua 1, zinabaki 1023. Ukurasa huo umepotea mpaka mashine iwashwe upya. Ukikosea kinyume chake, hesabu inashuka chini ya sifuri, na hatari inazidi, kwa kuwa kerneli haijui tena kama ukurasa una mwenyewe au hauna. Ndiyo maana anayebadilisha mwito wa kubana lazima afuate kila njia ya kuachilia, hasa zile za makosa, ambazo mara nyingi ziko kwenye faili jingine kabisa.

Dhana: isiporudisha namba hasi, imefaulu.

Hapa ndipo ningemwomba kila anayekagua msimbo atulie. Draiva inaomba kurasa 16. Programu imetoa anwani ambayo mkia wake haujaunganishwa na kumbukumbu yoyote, kwa hiyo `pin_user_pages_fast` inarudisha 9. Msimbo unauliza `if (ret < 0)`, na kwa kuwa 9 si hasi, unasonga mbele na kumwandalia kifaa orodha ya kurasa 16. Saba za mwisho ni viashiria vitupu, au takataka iliyokuwamo kwenye safu kabla.

Draiva nyingine hukagua kwamba jibu ni sawa na 16, ikaona si sawa, ikarudisha `-EFAULT` (kosa la anwani mbaya) na kuondoka. Inaonekana salama, lakini zile 9 bado zimebanwa. Mtumiaji asiye na mamlaka yoyote anaweza kurudia ombi hilo baya mpaka kumbukumbu ya mashine iishe. Njia sahihi ni kuachilia zilizopatikana, kwa idadi iliyorudishwa na si iliyoombwa, kisha kutoa kosa.

Dhana: `mlock` inatosha. `mlock` huzuia ukurasa usipelekwe kwenye diski, lakini haizuii kerneli kuuhamishia sehemu nyingine ya RAM inapokusanya nafasi zilizotawanyika. Programu haitagundua, kwa sababu anwani yake ni ileile. Kifaa kinachofanya DMA, yaani kusoma na kuandika kumbukumbu moja kwa moja bila prosesa, kitaendelea kuandika pale pa zamani, ambapo huenda pana data ya mtu mwingine.

Dhana: badilisha kila `kmalloc`, inayotenga kumbukumbu iliyoshikana, iwe `kvmalloc`, maombi makubwa hayatashindwa tena.

Ushauri huu ni mzuri nusu. Kubana gigabaiti 1 kwa kurasa za kilobaiti 4 ni kurasa 262,144, na safu ya viashiria vyake, baiti 8 kila kimoja, ni megabaiti 2. Kupata megabaiti 2 zilizoshikana kwenye mashine iliyofanya kazi wiki kadhaa ni bahati. Safu hiyo inasomwa na prosesa peke yake, kwa hiyo `kvmalloc_array` inafaa kabisa, mradi iachiliwe kwa `kvfree`.

Bafa inayopelekwa kwenye `dma_map_single`, ili kifaa kiitumie, ni kesi nyingine: lazima iwe imeshikana. `kvmalloc` hujaribu kwanza kumbukumbu iliyoshikana, na ikikosa ndipo huchukua ya `vmalloc`, ambayo kurasa zake zimetawanyika. Kwenye mashine iliyowashwa sasa hivi jaribio linapita, na hitilafu hutokea kwa mteja, nafasi za kumbukumbu zikishatawanyika. Kosa la namna hii ni gumu mno kulifuatilia, na ni afadhali kulizuia wakati wa ukaguzi.

Dhana: unapotenga kumbukumbu, alama ya `GFP_ATOMIC` ni salama kuliko `GFP_KERNEL`. Tofauti ni kwamba hailali, yaani haisubiri, basi. Inachota kwenye akiba na hushindwa kwa urahisi zaidi. Kama unaitumia kwa sababu umeshika spinlock (kufuli ambalo aliyelishika haruhusiwi kulala), jaribu kwanza kutenga kabla ya kuishika. Kubana kurasa, kwa vyovyote, kunaweza kulala, kwa hiyo hakuna mahali pake chini ya spinlock.

Dhana: kuachilia ndiyo mwisho. Kifaa kikiandika kwenye ukurasa wa faili, kerneli haijui kwamba umebadilika mpaka uambiwe. `unpin_user_pages_dirty_lock` hutia alama hiyo na kuachilia kwa pamoja. Ukiiruka, data iliyopokelewa vizuri inaweza isifike kwenye diski kamwe.

Kupima kazi yako, fungua `/proc/vmstat` utazame `nr_foll_pin_acquired` na `nr_foll_pin_released`. Draiva ikiwa imetulia na hakuna anayebana kwa muda mrefu, namba hizo mbili zinapaswa kulingana. Endesha ombi lile la kurasa 16 lenye mkia mbovu mara elfu moja, kisha uzisome tena: zikipishana kwa 9,000, umeshajua njia ipi ya makosa ya kwenda kuifungua.