Je, wajua kwa nini benki za Marekani hukukopesha pesa yako mwenyewe?

Mtu aliyewahi kushindwa kulipa madeni yake Marekani akiomba kadi ya mkopo, jibu la kawaida ni barua fupi ya kumkatalia. Lakini huenda benki ileile ikawa na pendekezo jingine kwa ajili yake: weka kwetu dola 200, nasi tutakupa kadi yenye kikomo cha dola 200. Usipomaliza deni kwa wakati utatozwa riba, ambayo kwa kadi za aina hii mara nyingi huvuka asilimia 25 kwa mwaka. Yaani pesa umeweka wewe, na riba unalipa wewe.

Hii ndiyo kadi ya mkopo yenye dhamana. Anayeisikia kwa mara ya kwanza huona ama ni wizi wa mchana, ama ni kadi ya kulipia kabla, kama vocha ya simu iliyovaa suti. Dhana ya kwanza humfanya mtu aikimbie, basi. Ya pili ndiyo inayowagharimu watu, kwa hiyo tuanze nayo.

Zile dola 200 sio unazotumia. Zimefungiwa kwenye akaunti ya pembeni, na ukinunua mchele na mafuta ya dola 60 haziguswi hata senti. Benki imetoa dola 60 zake, na ankara ikifika inakudai. Anayedhani ni vocha hukaa akisubiri benki ikate yenyewe. Haikati. Sheria inataka upewe angalau siku 21 tangu ankara itumwe. Siku hizo zikipita, inaingia ada ya kuchelewa pamoja na riba. Ukifikisha siku 30 za kuchelewa, habari zinapelekwa kwenye mashirika ya taarifa za mikopo. Karibu siku ya 180 benki inalitangaza deni kuwa bovu, na kwa kawaida kufikia hapo imekwisha kuichukua amana na kufunga akaunti. Ada na riba zikiwa zimelisukuma deni kupita 200, kilichozidi bado unadaiwa, na doa linabaki kwenye ripoti kwa takriban miaka 7 tangu ulipoanza kuchelewa. Mtu alikuja kutibu jeraha, akaondoka na mawili.

Sasa kama amana hailipi ankara, ina kazi gani?

Chukua upatu wa watu 12. Mmoja wao anajulikana: mwaka juzi alipokea zamu yake mwezi wa pili, kisha simu ikawa haipatikani. Leo anaomba kurudi. Kijumbe mwenye busara hamfukuzi. Anampa namba ya 12. Atatoa mchango miezi 11 kabla ya kushika chochote, na akitoroka mwezi wa saba, aliyepoteza ni yeye. Hivyo ndivyo amana inavyomlinda mkopeshaji. Ila kuna jambo la pili linaloendelea kimyakimya, na hilo ndilo lenye faida kwa mkosaji: kila mwezi kijumbe anaweka alama ya vema mbele ya jina lake. Mwaka ukiisha, daftari lina vema 12 mfululizo. Kijumbe wa upatu mwingine akilifungua, anaona vema, na namba ya zamu haimshughulishi sana.

Kwa hiyo unachonunua ni mstari kwenye daftari, na amana ni bei ya kumfanya mtu akubali kuandika. Kadi ya benki ya kawaida, ile inayochota kwenye akaunti yako, haiandiki chochote hapo, hata uitumie miaka 20 bila kosa. Vocha vilevile. Kadi yenye dhamana huandika kwa sababu kila mwezi kuna mkopo wa kweli na malipo ya kweli. Mfano wa upatu una ufa mmoja: ofisa anayeisoma ripoti kwa macho anaweza kuona kwamba kadi ilikuwa ya dhamana. Kanuni ya kukokotoa alama ya mkopo, yaani namba ambayo wakopeshaji hupimia uaminifu wako wa kulipa, hata hivyo, huipokea kama kadi nyingine yoyote. Riba nayo huepukika kabisa: ukilipa ankara yote kila mwezi kabla ya siku ya mwisho, manunuzi hayatozwi. Ule ushauri wa mitaani kwamba uache deni kidogo lilale ili “kujenga alama” unaijenga benki tu.

Daftari lenyewe ni matatu, ya yale mashirika ya taarifa za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Kabla ya kulipa amana, hakikisha kadi inaripoti kwa yote matatu. Alama inayotumika zaidi, FICO, huenda kutoka 300 hadi 850, na mgawanyo wake umetangazwa: historia ya malipo asilimia 35, kiasi unachodaiwa 30, umri wa akaunti 15, mikopo mipya 10, mchanganyiko wa aina za mikopo 10. Hesabu ya ndani ni siri ya kampuni.

Hiyo asilimia 30 ya kiasi unachodaiwa ndiyo huwachezea watu wenye kikomo kidogo. Kondakta wa daladala anajua kwamba trafiki hahesabu abiria njia nzima. Anahesabu pale aliposimama. Ndiyo maana gari likikaribia, waliosimama huambiwa wachuchumae. Kadi nayo ina trafiki wake: kwa kawaida salio linaloripotiwa ni lile la siku ya kufunga ankara, ambayo hutangulia siku ya mwisho ya kulipa kwa wiki tatu au zaidi. Ukitumia dola 150 kati ya 200, ankara ikafungwa tarehe 12, ukazilipa zote tarehe 20, umelipa vizuri kabisa, riba sifuri, na bado umeripotiwa kama mtu aliyejaza kadi kwa asilimia 75.

Dawa ni kuwashusha abiria kabla ya kituo, jambo ambalo hapa ni halali. Lipa dola 140 tarehe 8 au 9, kwa kuwa malipo huweza kuchukua siku mbili tatu kuonekana. Ankara itafungwa na dola 10, yaani asilimia 5, na hizo utazilipa ankara ikija. Ile asilimia 30 ya kikomo inayotajwa kila mahali kama mpaka wa kutumia haimo katika sheria yoyote. Ni kipimo cha mazoea, na kadiri unavyokuwa chini ndivyo bora. Uzuri ni kwamba matoleo mengi ya FICO hayana kumbukumbu kwenye kipengele hiki, kwa hiyo mwezi mbaya husahaulika ukifuatwa na mzuri. Matoleo mapya kama FICO 10T hutazama mwenendo wa miezi kadhaa, hivyo usilitegemee sana hilo.

Je, amana inahakikisha kukubaliwa? Hapana, na hili huwashangaza wengi. Sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inaitaka benki ipime uwezo wako wa kulipa hata kama umeweka dhamana, kwa hiyo fomu isiyo na kipato hurudi. Wengine hukwama kwa sababu kesi yao ya ufilisi bado haijafungwa, au wanadaiwa na benki ileile, au walifungia ripoti zao zisisomwe wakasahau kuzifungua. Barua ya kukataliwa lazima itaje sababu au ikueleze namna ya kuzipata. Kama uamuzi ulitokana na ripoti, una siku 60 za kuidai bure kwa shirika lililotajwa. Ripoti zote tatu hupatikana bure kila wiki kwenye AnnualCreditReport.com, na kosa ukilipinga shirika kwa kawaida lina siku 30 za kuchunguza. Usiombe kadi tano kwa mpigo. Kila ombi rasmi huacha kumbukumbu ya miaka 2, ingawa FICO huhesabu miezi 12 tu. Ukaguzi wa awali wa kujua kama unafaa hauharibu kitu. Anza na huo.

Kulipa deni la zamani, nalo, hakulifuti. Linageuka kuwa “limelipwa” na kubaki hadi muda wake uishe. FICO 9 hupuuza madeni yaliyofika kwa wakusanya madeni kisha yakalipwa. FICO 8, ambayo bado inatumika sana, huyahesabu, isipokuwa yale ambayo kiasi chake cha awali hakikufika dola 100.

Wapo watakaokuuzia kadi isiyo na amana kwa mwenye rekodi mbaya. Soma ada. Sheria huruhusu ada za mwaka wa kwanza kufika asilimia 25 ya kikomo, kwa hiyo kadi ya dola 300 inaweza kukufikia ikiwa imeliwa 75 tayari, na ada zinazotozwa kabla akaunti haijafunguliwa hazimo kwenye ukomo huo. Amana hurudi. Ada hairudi.

Benki kadhaa hupitia akaunti baada ya miezi 6 hadi 12, zikakurudishia amana na kuigeuza kadi iwe ya kawaida. Uliza kabla ya kujiunga kama akaunti itabaki ileile, maana umri wake huendelea kuhesabika. Kama benki yako haina utaratibu huo, itabidi uifunge ili upate pesa zako: lipa salio lote, ondoa malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi, kisha subiri. Amana inaweza kuchukua hata ankara mbili kurudi, na mara nyingi hurudi dola 200 kamili, bila riba hata ya senti moja kwa muda wote iliokaa kwao.