Mbwa anahamia Ulaya: damu yake ichukuliwe lini?

Mwenye mbwa akishapata tiketi ya kwenda Ulaya, huniuliza kwanza bei ya kreti, yaani sanduku la kumsafirishia. Hapo ameanzia mwisho. Maswali haya ni ya watu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaohamia nchi za Umoja wa Ulaya na wanyama wao.

Daktari, tunahamia Ujerumani Desemba. Nianze lini?

Kama sasa ni Julai, anza leo. Kama ni Oktoba, mbwa abaki kwa bibi kwanza. Inatangulia chipu, kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, inafuata chanjo ya kichaa cha mbwa, halafu damu ya kupima kinga, halafu kusubiri. Damu huchukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha mnakaa miezi mitatu kamili. Miezi hiyo huhesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipokuja. Aliyechanjwa tarehe 1 Julai atatolewa damu tarehe 31 Julai, na Ulaya haingii kabla ya mwisho wa Oktoba. Mtoto wa mbwa hachanjwi kwa safari hii kabla hajatimiza wiki 12.

Wangu ana chanjo zote. Chipu ndiyo nimeweka juzi.

Pole, chanjo ile ya kichaa haihesabiki, itabidi achomwe tena. Kwa afisa wa mpakani, sindano iliyotangulia chipu alichomwa mbwa asiyejulikana. Zote mbili zikifanyika siku moja hakuna neno, ila chipu iwekwe kwanza.

Kabla hujatoka kliniki, omba mashine ya kusoma chipu ipitishwe shingoni. Mmoja asome namba kwa sauti, wewe fuatisha kwa kidole kwenye kadi ya chanjo, tarakimu zote 15. Nimewahi kukuta 3 imeandikwa 8: mihuri yote ipo, lakini kadi ni ya mbwa mwingine. Angalia pia kama kibandiko cha chupa ya chanjo kimebandikwa kwenye kadi.

Damu ya nini tena, na keshachanjwa?

Kuchomwa sindano si uthibitisho kwamba mwili umetengeneza kinga. Chanjo iliyokaa nje ya friji inaweza isifanye kitu. Kwa hiyo wanataka kuona kingamwili zisizopungua yuniti 0.5 kwa mililita, zimepimwa kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, si ile ya jirani. Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi zilizosamehewa kipimo hiki. Sababu tunaijua: kichaa bado kinaua watu kwetu, na dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Virusi huweza kujificha mwilini wiki hata miezi, ndiyo maana wanataka mbwa asubiri huku huku nyumbani.

Unafuu upo: ukifaulu, hurudii kipimo maisha yote ya mbwa, mradi chanjo za marudio hazikuchelewa. Ikichelewa siku moja tu, mnaanza upya.

Cheti cha afya anaandika daktari wangu?

Anaweza kumkagua mbwa na kujaza, lakini lazima daktari wa mifugo wa serikali akisaini au akiidhinishe. Kitolewe ndani ya siku 10 kabla ya kuingia, kwa Kiingereza na lugha ya nchi mnayoingilia. Hapo wengi huteleza: mnaokwenda Berlin kwa kupitia Amsterdam, mnaingilia Uholanzi. Na wewe mwenyewe usipishane na mbwa kwa zaidi ya siku 5, la sivyo atahesabiwa mzigo wa biashara.

Nimpe dawa ya kulala njiani?

Usimpe. Dawa hizo hushusha presha na kulegeza pumzi, na huko chini kwenye mizigo hakuna wa kumwangalia. Mwenye pua fupi ndiye wa kuogopewa zaidi. Mzoeshe kreti wiki kadhaa kabla, awe anakula chakula chake humo.

Na paka? Kasuku?

Paka ni utaratibu ule ule. Kasuku ni habari nyingine kabisa. Yule wa kijivu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, usimguse bila kibali.

Picha za karatasi kwenye simu zinatosha?

Hazitoshi. Zinatakiwa karatasi zenyewe, ndani ya mkoba wako wa mkononi. Karatasi zikipungua, mnyama hurudishwa alikotoka au huwekwa karantini kwa gharama yako, na yote mawili yakishindikana, sheria yao inaruhusu auawe.