Pikipiki yako ikikwama kwenye taa nyekundu isiyobadilika: simama juu ya waya

Tangu 1 Julai 2025, sheria ya Minnesota inawaruhusu waendesha pikipiki kupenya katikati ya magari yaliyosimama au yanayokwenda polepole kwenye foleni. Mwendo usizidi maili 25 kwa saa, wala usizidi ule wa magari hayo kwa zaidi ya maili 15. Ruhusa hiyo inamfikisha mwendeshaji mbele kabisa ya foleni, na hapo ndipo anaposimama vibaya: gurudumu la mbele limeshavuka mstari, au pikipiki iko katikati ya njia mbili. Taa inakaa nyekundu, naye anaamini imeharibika.

Taa nyingi za majimbo ya Marekani hazibadiliki kwa saa tu kama mlivyozoea wengi mliotoka kwetu. Zinasubiri kuambiwa kuwa kuna chombo. Anayetoa taarifa hiyo, mara nyingi, ni kitanzi cha waya kilichofukiwa chini ya lami kabla ya mstari wa kusimamia. Lami hukatwa kwa msumeno, waya ukazungushwa humo mara tatu au nne, kisha mfereji ukazibwa kwa gundi nyeusi. Kitanzi cha kawaida ni mraba wa futi 6 kwa 6, karibu mita 1.8 kila upande. Ncha zake zinakwenda hadi kwenye kabati la chuma lililo pembeni ya makutano, ambako kifaa kinapitisha umeme unaogeuka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Metali ikikaribia, mikondo midogo inazuka ndani yake na kupunguza nguvu ya sumaku ya kitanzi. Kifaa kinahisi badiliko hilo na kuomba taa ya kijani.

Kwa hiyo si uzito. Hakuna mizani chini ya barabara, na kurukaruka juu ya kiti hakusaidii kitu. Sumaku zinazouzwa ili zibandikwe chini ya injini nazo hazisaidii, kwa sababu kitanzi hakitafuti sumaku. Kinatafuta metali inayopitisha umeme. Rimu ya aluminiamu inatosha kabisa, ikiwa imewekwa mahali pake.

Mahali penyewe ndilo jambo watu wasilolijua. Gari lina bamba pana lililolala juu ya kitanzi chote. Pikipiki ni nyembamba na imesimama wima. Katikati ya mraba nguvu ya sumaku inapanda moja kwa moja juu, inapita ubavuni mwa pikipiki bila kuigusa sana. Juu ya waya wenyewe nguvu hiyo inauzunguka waya, inazikata rimu na injini kwa ubavu. Hivyo tafuta ile michirizi myeusi ya msumeno, na uweke magurudumu yote mawili juu ya mchirizi unaokwenda sambamba na njia yako, wa kushoto au wa kulia. Ukiona michirizi mitatu ya urefu, panda ule wa kati, ndio wenye nguvu zaidi. Kama barabara imewekwa lami mpya na michirizi haionekani, njia ya futi 12 yenye kitanzi katikati huwa na waya wake kama futi 3 kutoka mstari wa rangi wa kila upande, takriban panapopita tairi za magari.

Ukishasimama, tulia hapo. Taa nyingi hazikumbuki ombi la chombo kilichoondoka: ukisogea mbele ya mstari, ombi lako limefutika. Kwenye njia ya kukata kulia huwekwa pia sekunde kadhaa za kusubiri kabla ombi halijapokelewa, basi usikate tamaa mapema. Makutano yenye kamera au rada badala ya waya yanataka usimame nyuma tu ya mstari, ndani ya njia yako. Kuwashawasha taa kubwa hakuharakishi lolote. Na kifaa cha kubadilisha taa kama kile cha magari ya wagonjwa kina sheria ya shirikisho juu yake: asiyeruhusiwa akikitumia kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miezi 6.

Sasa sheria, ambayo inasomwa vibaya mno. Kifungu cha 169.06 cha sheria za Minnesota, kifungu kidogo cha 9, hakimruhusu mtu kuvuka taa nyekundu. Kinampa utetezi mahakamani, na ni juu yake kuthibitisha mambo manne yote: alisimama kabisa, taa ilibaki nyekundu kwa muda usio wa kawaida, taa ilionekana kuharibika au kushindwa kumtambua, na hapakuwa na gari wala mtu anayekuja kwenye barabara anayoivuka, au alikuwa mbali kiasi cha kutoleta hatari. Sheria haikutaja dakika. Zile sekunde 120 mnazotajiana, kwamba ukishazisubiri unaweza kuvuka, ni za majimbo mengine, kama Virginia. Utetezi huu ni wa kosa la kuvuka taa tu. Ukigonga mtu haukukingi na kesi nyingine.

Ukiandikiwa faini, usiilipe kama unakusudia kujitetea, maana kulipa ni kukiri kosa. Omba kusikilizwa kabla ya tarehe iliyo kwenye karatasi. Kosa lenyewe ni dogo, faini haizidi dola 300, lakini likihesabiwa kuwa liliwahatarisha watu linapanda: hadi dola 1,000 na siku 90 jela. Kukata kulia baada ya kusimama kabisa kunaruhusiwa pasipo na kibao cha kukataza, na ni salama kuliko kubahatisha.

Kisha toa taarifa. Barabara za jimbo ni za MnDOT, idara ya uchukuzi ya Minnesota, nyingine za kaunti au za mji. Ukiwa mji wa Minneapolis piga 311, namba ya huduma za mji. Taja majina ya barabara zote mbili, uelekeo uliokuwa ukienda, njia uliyosimama, saa, na aina ya pikipiki. "Taa mbovu" pekee haitoshi, kwa kuwa waya ukikatika kifaa kwa kawaida huomba kijani kila mzunguko hata pasipo na gari. Taa isiyokuona kwa kawaida ina waya mzima uliowekwa wepesi mdogo wa kuhisi, na fundi anahitaji kujua njia gani ya kuurekebisha, kwani akiupandisha kupita kiasi kitanzi kitaanza kuhisi magari ya njia ya jirani.