Takwimu za kidato cha tatu: jedwali la makundi linaficha nini?

Mada ya takwimu inajulikana kwa wanafunzi kama mada ya alama za bure. Fomula chache, maswali yanafanana mwaka hadi mwaka: jaza jedwali, tafuta wastani, mediani na modi, chora histogramu (grafu ya nguzo zinazogusana), chora ojivu (grafu ya marudio yanayojumlishwa kundi baada ya kundi), umemaliza. Sikatai, alama zipo. Ila muulize aliyezipata zote kwa nini fomula ya mediani inagawa kwa marudio ya kundi, yaani idadi ya waliomo ndani yake, au ile 0.5 kwenye mpaka wa kundi imetoka wapi, na mara nyingi atakuambia ndivyo ilivyoandikwa ubaoni. Hiyo inatosha mpaka siku mtunga mtihani atakapogeuza swali kidogo tu.

Mapitio haya kwa hiyo hayaanzi na fomula. Tutaanza na data mbichi, tuzijue vizuri, halafu tuzitie kwenye makundi tuone kimepotea nini. Kwa maoni yangu, nusu ya mada iko hapo kwenye kupotea.

Chukua wanafunzi 20 walioulizwa wanatumia dakika ngapi kutoka nyumbani hadi shuleni. Majibu nimeyatunga mwenyewe, nimeyapanga kuanzia dogo hadi kubwa:

5, 8, 10, 12, 12, 15, 15, 15, 18, 20, 22, 25, 25, 28, 30, 30, 35, 40, 45, 90

Jumla yake ni 500, kwa hiyo wastani ni dakika 25. Mediani iko katikati ya namba ya 10 na ya 11, yaani kati ya 20 na 22: dakika 21. Modi, ile inayojitokeza mara nyingi kuliko zote, ni 15: imejitokeza mara tatu.

Kabla hujaenda mbele, hesabu ni wangapi wanaotumia zaidi ya dakika 25. Ni saba tu. Walio chini ya 25 ni 11. Wastani, basi, si "mwanafunzi wa kawaida". Ameuvuta juu yule wa mwisho, wa dakika 90. Mtoe, na wastani unashuka hadi takriban 21.6, wakati mediani inasogea kutoka 21 hadi 20 tu. Ndiyo maana mishahara na kodi za nyumba huelezwa vizuri zaidi kwa mediani: wachache wenye namba kubwa mno hawaiyumbishi. Lakini usiondoke hapa ukiamini kwamba mediani ni bora kila mahali. Mtu anayetaka kujua wanafunzi hawa 20 kwa pamoja wanapoteza dakika ngapi njiani anahitaji wastani, kwa sababu wastani ukizidishwa kwa 20 unarudisha 500. Mediani haiwezi kazi hiyo.

Swali ninaloulizwa mara nyingi hapa: wastani ukitoka na desimali kwenye vitu visivyogawanyika, tukadirie hadi namba nzima? Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wastani wa kaya ukawa watu 4.3. Hakuna kaya yenye watu 4.3, kila mtu analijua hilo. Sasa gawa idadi ya watu kwa 4.3: unapata kaya kama milioni 14.4. Gawa kwa 4: kaya milioni 15.4. Ile 0.3 uliyoitupa kwa kuwa "hakuna mtu wa 0.3" imezaa kaya milioni moja zisizokuwepo. Iache desimali ilivyo.

Turudi kwa wanafunzi wetu, sasa tuwatie kwenye makundi ya dakika kumi kumi:

1–10: 3
11–20: 7
21–30: 6
31–40: 2
41–50: 1
51–60: 0
61–70: 0
71–80: 0
81–90: 1

Angalia nimeandika hata makundi yenye sifuri. Wengi huyaruka, na histogramu yao inamgandamiza mwanafunzi wa dakika 90 ubavuni mwa yule wa 45, kana kwamba ni majirani. Pengo lile ni sehemu ya habari, lichore.

Sasa jifanye hujawahi kuiona ile orodha ya mwanzo, una jedwali hili tu. Kwenye 11–20 kuna watu saba. Wana dakika ngapi? Hujui. Ni mahindi yaliyokwisha kusagwa, punje huzipati tena. Ili ukokotoe wastani itabidi udhanie kitu, na tunachodhania ni kwamba kila mtu wa kundi amekaa katikati yake: 5.5, 15.5, 25.5 na kuendelea. Zidisha kila kati kwa marudio yake, jumlisha: 480. Gawa kwa 20: dakika 24.

Wastani halisi ulikuwa 25. Hesabu yako haina kosa hata moja, lakini jibu si lile. Hilo ndilo ninalotaka likae kichwani: kila jibu linalotoka kwenye jedwali la makundi ni makadirio, hata likiwa na desimali nne.

Na ile dakika moja haikupotea kwa bahati mbaya. Mtu akiulizwa dakika, anajibu kwa namba za mviringo: kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Makundi yetu yanaishia hapo hapo, 10, 20, 30, 40, 90, kwa hiyo sita wamekaa kwenye ncha ya juu kabisa ya kundi huku sisi tukiwadhania katikati. Ndiyo maana makadirio yameshuka. Wanaoshughulika na sensa wanaijua tabia hii siku nyingi: watu wasio na uhakika wa umri wao hutaja miaka inayoishia na 0 au 5, na grafu ya umri mmoja mmoja inaota vilele kwenye 30, 35, 40.

Kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne wa Hisabati kwa miaka mingi umefanywa bila kikokotoo, zoea wastani wa kudhani. Chagua 25.5. Tofauti za kati za makundi kutoka hapo ni -20, -10, 0, 10, 20 na, kwa kundi la mwisho, 60. Zidisha kwa marudio: -60, -70, 0, 20, 20, 60. Jumla ni -30, gawa kwa 20 upate -1.5. Ongeza kwenye 25.5: 24, lile lile. Ukichagua 15.5 badala yake utafika 24 vilevile, kwa namba kubwa kubwa zaidi. Jaribu.

Mipaka sasa. Kundi moja linaishia 10, linalofuata linaanzia 11. Dakika 10 na sekunde 20 zinaenda wapi? Kama dakika zilikadiriwa hadi namba nzima iliyo karibu, zimeandikwa 10, kwa hiyo mpaka halisi uko 10.5. Hiyo ndiyo 0.5 yote, haina fumbo. Lakini umri haukadiriwi hivyo. Mtoto wa miaka 14 na miezi 11 anasema ana 14, hasemi 15. Kundi la umri 10–14 kwa kweli linaanzia 10 na kuishia pale mtu anapotimiza 15, kati yake ikiwa 12.5 na wala si 12. Vitabu vingi vya shule hupita juu juu hapa. Ukikutana na swali la umri, soma maelekezo yake kwa makini kabla ya kuchora mipaka.

Mediani kwenye makundi: nusu ya 20 ni 10. Marudio limbikizi, yaani yanayojumlishwa kundi baada ya kundi, yanakwenda 3, 10, 16, 18, 19, 19, 19, 19, 20. Hapa darasa hugawanyika, kwa sababu 10 imetua sawasawa mwisho wa kundi la 11–20. Tutumie kundi hilo au linalofuata? Tumia lolote. Kwa 11–20: mpaka wa chini 10.5, umeshapita watu 3, unahitaji 7 kati ya 7 waliomo, kwa hiyo unatembea kundi zima la upana wa 10 na kufika 20.5. Kwa 21–30: mpaka wa chini 20.5, umeshapita 10, unahitaji 0, unabaki 20.5. Na hapo umeona kwa nini tunagawa kwa marudio ya kundi: tumedhania watu wake wamesambaa kwa nafasi sawa, na tunauliza tutembee sehemu gani ya njia. Ojivu inafanya kazi hiyo hiyo kwa rula. Pointi zake zinakaa kwenye mpaka wa juu, (10.5, 3), (20.5, 10), (30.5, 16), kwa sababu ukiwa katikati ya kundi, 15.5, bado hujawapita wote kumi. Anayechora kwenye kati anaisogeza grafu yote kushoto kwa nusu kundi, na kila jibu analolisoma linakuwa pungufu kwa dakika tano hivi.

Modi kwa fomula inatoka 18.5. Modi halisi ilikuwa 15, na hakuna hata mmoja aliyesema 18.5. Kati ya makadirio matatu hili ndilo ninaloliamini kidogo kuliko yote. Lijibu kwa kuwa limeulizwa.

Kwa mtakaokwenda kidato cha tano, na wenzetu wa Kenya wanaokutana nayo kabla ya kumaliza sekondari, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika kuuzunguka wastani) wa data mbichi hizi ni takriban 18.2. Chungulia ndani yake. Jumla ya miraba ya tofauti kutoka wastani ni 6,644. Mwanafunzi wa dakika 90 yuko mbali na wastani kwa 65, na mraba wa 65 ni 4,225. Mtu mmoja kati ya 20 amebeba karibu theluthi mbili ya jumla yote! Mtoe, mkengeuko unashuka hadi kama 10.8. Kwa hiyo ukipewa mkengeuko mkubwa peke yake usikimbilie kusema "data zimetawanyika". Huenda 19 wamekaa karibu karibu na mmoja anatoka ng'ambo ya mto.

Zoezi la nyumbani. Panga upya data zile zile kwa makundi ya upana wa 20: 1–20, 21–40, 41–60, 61–80, 81–100. Marudio ni 10, 8, 1, 0, 1. Mediani itatoka 20.5 tena, na wastani utatoka 24.5, yaani karibu zaidi na 25 kuliko tulipotumia makundi madogo, ingawa ungetarajia makundi mapana yapoteze zaidi. Linganisha jumla halisi ya kila kundi na jumla ya kudhania: kundi la kwanza linapungukiwa 25, mengine matatu yenye watu yanazidisha 9, 5.5 na 0.5. Makosa yamefutana kwa sehemu kubwa. Sasa anzia makundi yako kwenye 6 badala ya 1, yaani 6–15, 16–25 na kuendelea, yule wa dakika 5 umpe kundi lake la -4 hadi 5, uone wastani unakwenda upande gani.