Hapana mama, hiyo kofia ya waya haisomi mawazo

Nimelisikia tena, safari hii kwa mama wa Pasua aliyemleta mwanawe mwenye kifafa: "Daktari, hii si ndiyo ile ya kusoma mawazo?" Kijana kaona video kwenye simu, anaamini Wazungu wameshaingia vichwani mwa watu, na amegoma kuwekewa elektrodi, yaani vile vipande vya waya vya EEG, kipimo kinachorekodi umeme wa ubongo kutoka juu ya ngozi ya kichwa. Anaanguka mara kwa mara, ameshaungua mkono kwenye jiko la mkaa, halafu anakikimbia kipimo cha kumsaidia. Linaniuma. Hapa Moshi nakutana na hofu hii mno.

"EEG inasoma mawazo." Haisomi. Kinachofika kwenye elektrodi ni umeme wa mamilioni ya seli kwa pamoja, umeshapita kwenye fuvu na ngozi, umebaki makumi ya maikrovolti tu (maikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti). Simama nyuma yangu utazame skrini. Mgonjwa akifumba macho, kisogoni yanatokea mawimbi yaliyopangika, kama 10 kwa sekunde. Akifumbua, yanafifia. Akikaza meno, mistari yote inavurugika, maana umeme wa misuli ya taya unaufunika ule wa ubongo. Naona kama amesinzia, na kama kuna miiba ya kifafa, yaani ncha kali za ghafla kwenye mistari, naona inaanzia upande gani. Jina la mchumba, namba ya siri ya M-Pesa, ugomvi wa shamba kule Rombo: hakuna mstari unaobeba hayo. (Ukija, osha nywele na usipake mafuta, elektrodi hazishiki. Na dawa za kifafa usiziache kwa sababu tu unakuja kupimwa.)

"Mbona Marekani wameweza?" Wameweza jambo kubwa, ila tulitaje lilivyo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walitumia MRI, mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, kukisia maana ya jumla ya hadithi ambayo mtu anaisikiliza. Kila mshiriki alilala ndani ya mashine kwa jumla ya saa 16 ili kompyuta iuzoee ubongo wake. Kwa ubongo wa mtu mwingine ilishindwa, na hata mwenyewe akiamua kuhesabu namba kimoyomoyo, ilipotea njia.

Njia nyingine ni upasuaji. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mgonjwa wa ALS (ugonjwa unaoua neva za misuli) aliyeshindwa kuzungumza alitoa maneno 62 kwa dakika kupitia elektrodi zilizowekwa kwenye ubongo. Kwa msamiati mpana, karibu neno moja kati ya manne lilikosewa. Kilichosomwa ni amri ambazo ubongo unapeleka kwenye midomo na ulimi pale mtu anapojitahidi kusema. Mwaka 2025 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba hata maneno ya kimoyomoyo yanaweza kunaswa kwa kiasi, kwa watu wenye elektrodi hizo ndani ya kichwa, wakaweka na neno la siri: mhusika asipoliwaza kwanza, mfumo haufunguki. Kwa hiyo sisemi haitawezekana kamwe. Nasema itaanzia kwa mtu aliyekubali kufunguliwa fuvu na kukaa miezi akiifundisha kompyuta, wala haitaanzia kwenye kipimo cha asubuhi moja.

"Unaweza kuwekewa chipu kwa sindano ya chanjo." Kifaa cha Neuralink, kampuni ya Elon Musk, alichowekewa binadamu wa kwanza Januari 2024, kina elektrodi 1,024 na lazima fuvu litobolewe. Huwezi kutobolewa fuvu usijue.

"Kitamwinua aliyepooza." Hili wananiuliza ndugu wa vijana walioumia uti wa mgongo kwenye ajali za bodaboda, na kulijibu ni kugumu. Vifaa hivi leo vinamwezesha mtu kusogeza kishale cha kompyuta, kuandika, au kuzungumza kupitia spika, tena vingi bado viko kwenye majaribio. Msiuze shamba kwa ajili ya video. Mgeuzeni mgonjwa kila saa mbili asipate vidonda vya mgongo, na mazoezi ya viungo yasikose. Wengi tunawapoteza kwa vidonda.

"Basi hakuna la kuhofia." Lipo. Kuna mikanda ya kichwa inayopima mawimbi ya ubongo, inayouzwa kwa ajili ya usingizi na kutuliza akili, na rekodi zake zinaweza kuishia kwenye kompyuta za kampuni usiyoijua. Chile ilibadili katiba mwaka 2021 ili kulinda shughuli za ubongo wa raia wake. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ila mgonjwa anayeitumia simjui hata mmoja. Rekodi ya ubongo wako ni taarifa yako ya afya. Uliza inahifadhiwa wapi na nani ana ruhusa ya kuifungua, tena uliza kabla hujavaa, hata kama anayekupima ni mimi.