Kwa nini bei ya gari kuukuu la paa la kukunja huanzia kwenye tundu la maji?

Je, wajua kwamba Mazda MX-5 mbili (gari dogo la viti viwili lenye paa la kukunja) za mwaka 2001, rangi moja, injini moja, maili zikikaribiana, zinaweza kutangazwa Uingereza wiki hiyohiyo, moja kwa pauni 1,500 na nyingine kwa pauni 4,000, na bei zote mbili zikawa za haki? Muuzaji wa kwanza si mjinga na wa pili si tapeli. Wanauza vitu viwili tofauti vinavyofanana kwa macho.

Gari la kawaida halisumbui. Mwaka, kilomita, limewahi kugonga au halijagonga, unampigia dalali mmoja simu na bei atakayokutajia haitapishana sana na ya dalali wa pili. Gari la paa la kukunja likishavuka miaka 15 au 20 hutoka kwenye hesabu hiyo. Umri wake hausemi tena mengi. Kinachosema ni maji ya mvua yamekuwa yakipita wapi miaka yote hiyo.

Nimeichukua MX-5 kwa sababu hakuna gari la wazi la viti viwili la michezo lililouzwa kwa wingi kama hilo duniani. Lilionyeshwa mara ya kwanza Chicago mwezi Februari 1989, Japani likauzwa kwa jina la Eunos Roadster, na mwaka 2016 kiwanda kilitoa la milioni moja. Kwa hiyo muuzaji akikuambia MX-5 yake ni "adimu", mwache amalize kwanza. Zipo tele. Zilizo adimu ni zile nzima.

Uzima wake unaliwa kutoka pande mbili. Chini kuna barabara za Uingereza, ambazo majira ya baridi humwagiwa chumvi ili zisigande barafu, na chumvi ikishakutana na unyevu hukitafuna chuma polepole kama mchwa. Hilo linayapata magari yote. Juu kuna jambo la magari ya paa la kukunja kama hili. Mvua huteleza kwenye kitambaa cha paa, hushuka hadi nyuma ya viti ambako kitambaa kimebanwa, ikapokewa na mfereji mwembamba unaoipeleka kwenye matundu mawili, moja kila upande. Kutoka hapo maji hushuka kwa bomba dogo na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Sasa weka gari hilo chini ya mti miaka mitano. Majani makavu, vumbi, nyuzi za kitambaa kilichochakaa, vyote hushindiliana tunduni mpaka linaziba. Maji yakikosa njia hufurika, yakaingia ndani ya ule mhimili mnene unaopita chini ya mlango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, yakatuama humo. Kutu inaanzia ndani, na siku rangi inapotoa malengelenge kwa nje, kazi ilishakwisha zamani.

Hapa ndipo pesa ilipo. Gari lenye paa la chuma ni kama boksi, kila upande unausaidia upande mwingine. Ukilikata paa, nguvu yote inabebwa na sakafu pamoja na ile mihimili miwili ya chini ya milango. Kutu kwenye mlango wa gari la kawaida ni doa. Kutu kwenye mhimili wa gari la wazi ni ugonjwa wa mifupa. Fundi bodi hatapaka rangi juu yake akakuaga. Atakata chuma kilichooza, achomelee kipya, na akishafungua mara nyingi hukuta uozo umepanda hadi kwenye tao la gurudumu la nyuma.

Ndiyo maana mimi nikiulizwa bei ya gari kama hilo sianzi na injini. Naomba kikombe cha maji. Kunja paa nusu, tafuta kona ile nyuma ya kiti karibu na mkanda, mimina taratibu, kisha chungulia chini. Maji yakitoka haraka mbele ya gurudumu la nyuma, mazungumzo yanaendelea. Yakitoka matone mawili halafu kimya, sogeza zulia ulikandamize kwa kiganja. Zulia likilia pwee kama sponji, unajua bei imeshuka kabla mtu hajafungua mdomo.

Baada ya hapo hesabu yenyewe ni ya kawaida. Unatafuta bei ya gari zima la aina ileile, unatoa gharama ya kulifikisha gari lako kwenye uzima huo, unatoa kidogo tena kwa ajili ya usumbufu wa mnunuzi, basi. Ugumu uko kwenye namba ya kwanza, maana watu wengi huitoa kwenye matangazo. Tangazo ni matumaini ya muuzaji. Kuna magari yamekaa mtandaoni miezi minane na bei yake ileile, na kila mwenye gari kama hilo akiliona anaongeza tamaa. Tafuta bei zilizolipwa. Minada ya mtandaoni huonyesha nyundo iliangukia bei gani, na kampuni ya bima ya Hagerty huchapisha makadirio yaliyogawanywa kwa madaraja manne, kuanzia gari la kupeleka kwenye maonyesho hadi lile linalotembea lakini lina kasoro zake. Kosa la kawaida ni kujipa daraja la pili wakati gari ni la nne. Kila mtu hujiona yuko la pili.

Nchini humo kuna kitu kinachopunguza ubishi. Gari likishatimiza miaka mitatu hupelekwa kila mwaka kwenye ukaguzi unaoitwa MOT, na majibu yake yamo kwenye tovuti ya serikali, bure, kwa kuandika namba ya gari tu. Unaona maili kila mwaka, limeanguka ukaguzi mara ngapi, na maneno ya mkaguzi. Soma maneno hayo kwa mfuatano. Mwaka mmoja ameandika kutu ndogo upande wa kushoto, mwaka uliofuata kutu imeongezeka, wa tatu gari limeanguka, wiki moja baadaye limefaulu. Jiulize fundi gani alifanya kazi hiyo ndani ya wiki moja, na alichomelea chuma au alijaza putty. Waliozoea kuagiza magari Japani watalielewa hili upesi, kwa kuwa ni sawa na karatasi ya mnada: 4 ni gari linalovutia, 3.5 lina mikwaruzo yake, na herufi R inakuambia kuna mahali palirekebishwa baada ya ajali.

Sasa tuhesabu. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Tuseme MX-5 nzima ya mwaka 2001 zimekuwa zikiuzwa pauni 4,000. Ya kwako inahitaji kuchomelewa mihimili yote miwili, fundi amesema 800. Paa limepasuka kwenye mkunjo, jipya pamoja na kulifunga ni 550. Matairi yana kashata za kutosha, ila angalia ubavuni kwenye ile namba ya tarakimu nne: 2314 maana yake yalitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hayo ni mazee, mpira umekauka, toa 250. Tumebaki na 2,400. Mnunuzi atapoteza siku kadhaa gereji na anaweza kukuta jambo jingine huko ndani, kwa hiyo mwachie 250. Bei ya haki ni kama 2,150. Tangaza 2,450 ili pawe na nafasi ya kupatana, na akilini mwako ujue unaposimama.

Kuna wauzaji watakaosema afadhali watengeneze kwanza wauze 4,000. Mara chache inalipa. Mnunuzi hawezi kuona ndani ya mhimili uliochomelewa jana, atahisi umeficha kitu, na rangi mpya hapo chini humtia shaka kuliko kutu anayoiona. George Akerlof, mchumi wa Marekani, alilieleza tatizo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: mwenye gari anajua, mnunuzi hajui, hivyo mnunuzi hulipa bei ya gari bovu hata akiwa mbele ya zima. Mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hiyo. Dawa yake kwa muuzaji wa kawaida ni picha. Ukitengeneza, piga picha gari likiwa limekatwa, chuma kipya kikiwa bado hakijapakwa rangi, na utunze risiti. Picha kumi za namna hiyo zina thamani kuliko neno "safi" lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Halafu kuna paa lenyewe, ambalo watu hulichanganya. MX-5 za kwanza zilikuwa na dirisha la nyuma la plastiki lenye zipu, na ilikupasa kufungua zipu kabla ya kukunja paa, la sivyo plastiki inakunjika na kupasuka, hasa siku ya baridi. Zilizofuata zikapewa kioo cha kweli. Magari mengine, kama Mercedes SLK iliyotoka mwaka 1996, yalikuja na paa la chuma linalojikunja lenyewe kwa mitambo inayosukumwa na shinikizo la mafuta (haidroliki). Hilo likigoma katikati, nusu limefunguka, usidhani ni kasoro ndogo. Kwa gari la umri huo bili ya paa inaweza kukaribia bei ya gari zima, na bei ya haki hapo ni ya mtu anayekubali kubahatisha.

Lipo pia paa gumu la kuvaa na kuvua, linalokaa gereji kiangazi chote likiwa limefunikwa shuka. Muuzaji mgeni wa mambo haya hulitoa kama nyongeza, "na hilo nalo chukua". Pole yake. Paa gumu la MX-5 za kizazi cha kwanza linaingia kwenye za kizazi cha pili na kinyume chake, kwa hiyo wateja wake ni wengi, na peke yake linaweza kuuzwa mamia ya pauni. Liuze kando, au liweke kwenye hesabu waziwazi.

Msimu nao una mkono wake. Watafiti Marekani walipochambua mauzo ya magari zaidi ya milioni 40 waliona magari ya wazi yanauzika zaidi siku zenye joto lisilo la kawaida na anga safi. Gari la wazi likitangazwa Novemba, mvua ikinyesha wiki nzima, linamngoja mtu mwenye subira na pesa kidogo. Likitangazwa Aprili, jua linapoanza kurudi Uingereza, simu zinaita. Kama huna shida, ngoja.

Mahali ni jambo jingine. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 mitaa yote ya London imo ndani ya eneo ambalo gari linalochafua hewa kupita kiwango hulipa pauni 12.50 kwa siku. Magari mengi ya petroli yaliyosajiliwa kabla ya 2006 yamo kwenye kapu hilo. Anayeendesha siku tano kwa wiki, wiki 52, atalipa 3,250, zaidi ya bei ya gari letu la mfano. Kwa hiyo MX-5 ya 2001 iliyoko London, kama haitimizi kiwango hicho, itafutie mnunuzi wa mbali na jiji hilo, wa Devon au Wales.

Mtu akiniuliza kwa nini asimuuzie ndugu yake Nairobi, namjibu kwamba Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Tanzania hulipokea, ila huongeza ushuru wa uchakavu. Na huko maadui wenyewe ni wengine: jua linalokausha kitambaa, vumbi, matuta ya barabarani, na kwa wa Tanga au Mombasa, hewa ya chumvi.

Yapo ambayo muuzaji huyahesabu na mnunuzi hayahesabu. Rimu kubwa, ekzosi inayonguruma, usukani wa kubadilisha, redio ya bei ghali: ulivinunua kwa raha yako, na raha umeshaila. Matoleo maalumu nayo mengi ni rangi na beji tu, ingawa yapo ya kweli, kama lile la Le Mans la mwaka 1991 lililotolewa kwa soko la Uingereza, magari 24 tu. Maili chache pia zisikulevye. Gari lililolala gereji miaka sita hukauka mipira na kushika kutu breki.

Chini ya yote kuna sakafu ya bei, yaani kulifungua gari likauzwa spea moja moja. Kwa MX-5 sakafu hiyo haiko chini sana, kwa kuwa injini, viti na rimu zina wateja. Ukipewa ofa ya chini ya hapo, shukuru ukafunge geti.

Na siku wanunuzi wakianza kuja, angalia wanaanzia wapi. Atakayewasha injini, akanyage mafuta mara tatu na kutabasamu, mtajie 2,450. Atakayetoa chupa ya maji kwenye mkoba na kupiga goti nyuma ya kiti, mtajie 2,150 moja kwa moja, mpige stori za kutu.